Kila Herufi Imesimama Wima

Watu husema kompyuta inapinda maandishi. Haipindi. Fungua Inkscape au Corel, chora duara, andika jina la kikundi chenu, kisha iambie programu iyaweke maandishi hayo juu ya mstari wa duara. Yatazunguka vizuri kabisa. Sasa kuza mpaka herufi moja ijaze kioo. Utaona M ni ileile M, miguu yake imenyooka. Programu imeinamisha tu kila herufi kidogo na kuisimamisha wima mahali pake, kama vile mtu anavyosimama wima Kitui na mwingine akasimama wima Brazil, na dunia ni mviringo chini ya wote wawili. Kilichopinda ni mstari, na mstari wenyewe ukishamaliza kazi unafichwa. Hauchapishwi. (Kuna mbinu nyingine inayopinda herufi zenyewe kama ubao uliolowa. Hiyo waachie wenye mabango ya disko.)

Jambo hili nililijua kwa mikono kabla sijalijua kwa kichwa. Baada ya kumaliza chuo nilipata kazi kwenye saiba moja hapa Kabati, nikisubiri kazi nyingine ambayo, tuseme ukweli, bado naisubiri. Nasema Kabati ya Kitui, si ile ya Murang'a ambayo watu wa Nairobi hudhani ndiyo pekee. Hii yetu iko pale barabara ya kutoka Machakos inapokutana na ile ya kwenda Migwani na Mwingi. Ukishuka matatu utauziwa ndengu, na maembe yakiwa msimu wake, na ukivuka barabara utapata fotokopi. Sisi ndio tulikuwa fotokopi. Tulikuwa pia watu wa kuwajazia wazee mambo ya eCitizen, kutengeneza vijitabu vya mazishi, kadi za michango ya harusi, jezi za timu za vijana, na mihuri.

Mihuri ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba. Kila kikundi kinautaka, kila kanisa lililoanza juzi chini ya mwembe, kila shule, kila sacco ya bodaboda. Alikuja hata kinyozi. Nilimuuliza ataugonga wapi, akasema hajui, lakini siku utakapohitajika hataki kushikwa bila. Nilicheka, kisha nikamtengenezea, na nadhani alikuwa ameielewa nchi hii kuliko mimi. Kwa mfano, sheria ya 2020 iliyorekebisha sheria za biashara iliondoa ulazima wa kampuni kugonga muhuri kwenye hati zake. Jaribu basi kupeleka barua isiyo na muhuri kwenye kaunta yoyote. Mtu wa kaunta ataigeuza mbele, ataigeuza nyuma, atakuangalia kama umeingia bila viatu.

Na wanataka uwe mviringo. Ule wa mstatili wenye tarehe katikati watu wanauheshimu, lakini wa mviringo wanauamini. Sijui mtu aliyefundishwa hivyo darasani. Neno lenyewe, muhuri, pwani walilipokea kutoka Kiajemi, enzi ambazo barua ya mkubwa ilitambulika kwa chapa iliyobonyezwa juu yake, na pengine umbo la duara lilikuja pamoja na neno. Au ni sarafu. Mtoto anashika shilingi kabla hajashika kalamu, na kwenye shilingi maneno huzunguka ukingo. Anakua akijua kwamba maneno yanayozunguka yana nguvu ya kununua kitu.

Acha nikueleze jinsi unavyotengenezwa, maana bila hilo hutaelewa kilichonipata.

Unahitaji duara mbili. Anayeanza hutumia moja, na hapo ndipo muhuri wake unapoonekana wa uongo hata kama ni wa kweli. Maandishi ya juu yanakanyaga duara dogo la ndani, vichwa vikitazama nje. Maandishi ya chini yanakanyaga duara kubwa la nje, vichwa vikitazama katikati, ili msomaji asilazimike kugeuza karatasi. Yakipimwa vizuri, yote mawili yanakaa ndani ya ukanda mmoja kama magurudumu ndani ya mfereji. Halafu kuna nafasi. Herufi za juu vichwa vyake vinaachana kama vidole vya mkono uliofunguliwa, kwa hiyo unazisogeza pamoja. Za chini vichwa vyake vinagongana, kwa hiyo unazipa hewa. Programu haijui haya. Inkscape, kwa mfano, ukiipa duara inaanza kuandika upande wa kulia, pale mshale wa saa unapoonyesha 3, na kuteremka chini, jina la kanisa linaishia miguu juu. Lazima uzungushe duara lenyewe. Kisha unaweka nyota mbili, kushoto na kulia, kutenganisha maneno ya juu na ya chini.

Mimi nilikuwa mzuri. Nasema bila aibu. Kulikuwa na watu waliopita saiba mbili kuja kwangu. Corel niliyoitumia ilikuwa imechakachuliwa, kama karibu kila Corel unayoiona kwenye maduka ya aina yetu, na sikuwahi kukaa nikafikiri kwamba natengeneza alama za uaminifu kwa chombo cha wizi. Hilo nimelifikiria baadaye, pamoja na mengine.

Ilikuwa 2022, mwaka ambao mvua ilikuwa imetukataa msimu baada ya msimu. Wiki moja, wateja wawili.

Wa kwanza alikuja Alhamisi jioni, tunataka kufunga. Mama wa makamo, ana vumbi la safari miguuni. Alikuwa na fomu ya basari ya mwanawe wa kidato cha pili, imejazwa yote: jina, nambari ya mwanafunzi, karo inayodaiwa, baba amefariki, cheti cha kifo kimebanwa nyuma. Mwisho wa kupokelewa ulikuwa kesho yake adhuhuri. Kilichobaki ni sehemu ya chifu, sahihi na muhuri. Chifu wa kwao hakuwepo tangu Jumanne, simu imezimwa. Mama akatoa kwenye mkoba barua ya zamani yenye muhuri wa chifu huyohuyo, wino bado unaonekana vizuri.

"Mwanangu, si wewe ndiwe unayetengeneza hii mihuri?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa huu hauwezi kuutoa hapa ukauweka hapa?"

Ningeweza. Kuskani, kusafisha, kuweka. Dakika kumi, na kama ningetaka uwe safi zaidi ningeuchora upya, herufi kwa herufi, mwenyewe chifu asingetambua. Nikamwambia hapana. Nikamwambia hiyo ni jela, mama, yangu na yako. Hakubishana. Alikunja fomu mara nne, akashukuru, watu wa kwetu hushukuru hata wakinyimwa, akaenda.

Wa pili alikuja Jumamosi asubuhi. Mwanamume safi, shati limepigwa pasi, anaongea polepole. Alikuwa na cheti cha kikundi kutoka idara ya maendeleo ya jamii, na cheti kilikuwa cha kweli, nilikiangalia. Alikuwa na majina ya wanachama. Walikuwa kikundi cha maji, watachimba kisima kwa mashine. Alitaka muhuri. "Uwe na uzito," akasema. "Mtu akiuona ajue hawa si watu wa mchezo." Nikampa uzito. Duara mbili za nje, moja nene moja nyembamba, jina juu, eneo chini, tone la maji katikati. Alilipa shilingi 1,500 bila kuomba kupunguziwa, na hilo peke yake lilipaswa kunishtua. Nikatuma mchoro kwa WhatsApp hadi Kitui mjini kwenye mashine ya kuchonga, muhuri ukarudi na matatu Jumatatu. Nilijaribu kuugonga kwenye karatasi tupu. Ulikuwa umetoka vizuri, ila nyota ya kushoto ilikuwa imepanda juu kidogo kuliko ya kulia, na herufi mbili, Y na A, zilikuwa zimeachana zaidi ya nilivyotaka. Nikasema nani ataona.

Niliona mimi, miezi minane baadaye, nyumbani kwa susu.

Susu ni nyanya yangu, mzaa mama. Hajui kusoma, lakini Biblia anayo, ni ya marehemu babu, na humo ndimo anamoweka kila karatasi ya maana: kadi ya kliniki, picha za wajukuu, risiti. Aliniomba nimsomee ile tarehe ya kliniki. Karatasi ya pili niliyotoa ilikuwa risiti ya mchango wa kisima. Ya tatu pia. Zilikuwa nne, shilingi 500 kila moja, na juu ya kila moja duara la zambarau, nyota ya kushoto imepanda kidogo, Y na A zimeachana.

Kisima hakikuchimbwa. Mashine haikuonekana. Nambari ya yule bwana haipatikani. Nyumba nyingi za upande ule zilichanga, wengine waliuza mbuzi. Anayejua Kitui anajua maana ya kumchezea mtu kwa jina la maji. Kuna wanawake wanaoamka usiku kwenda kufukua mchanga wa mto mkavu na kungoja maji yajikusanye kwenye shimo, kikombe kwa kikombe. Mabwawa ya mchanga unayoyaona huku yamejengwa na watu walewale, kwa mwethya, mawe yakipita mkono kwa mkono. Mtu wa hivyo ukimwambia achangie maji haulizi mara mbili. Na kama angeuliza, kulikuwa na jibu limegongwa kwenye risiti, nililitengeneza mimi.

Nataka sasa nifikirie jambo hili bila kujipiga kifua, kwa sababu kujipiga kifua ni njia nyingine ya kujifurahisha.

Jumla ya wiki ile ni hii. Kwenye fomu ya yule mama kila neno lilikuwa la kweli, na muhuri tu ndio ungekuwa wa uongo. Kwenye risiti za yule bwana muhuri ulikuwa wa kweli, umetengenezwa kwa cheti halali, na kila kilichoandikwa chini yake kilikuwa uongo. Nilikataa wa kwanza, nikatengeneza wa pili. Na ukinishtaki leo, sheria itakuwa upande wangu mara zote mbili. Kifungu cha 345 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kughushi ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Nia. Mimi sikuwa na nia yoyote zaidi ya nyota mbili zilingane, na hata hiyo ilinishinda.

Utetezi wangu wa kwanza ulikuwa ule unaotolewa na kila fundi: mimi natengeneza chombo. Mwenye duka la vifaa akiuza panga haulizwi lilikata nini. Ni utetezi mzuri, na kwa muda nililala nao. Halafu nikaanza kuhesabu watu. Ofisa aliyetoa cheti alifuata utaratibu, karatasi zote zilikuwepo. Kijana wa mashine kule Kitui alichonga alichotumiwa. Makanga alibeba kifurushi. Yule binti aliyezunguka nyumba kwa nyumba akiandika risiti alikuwa ameajiriwa kwa siku, na nimesikia naye hakulipwa. Mzee wa kijiji aliitisha mkutano kwa sababu ameonyeshwa risiti zenye muhuri. Kila mmoja ukimchukua peke yake, ukimkuza mpaka ajaze kioo, amesimama wima. Huoni alipopinda. Mstari uliotuzungusha sote alikuwa nao mtu mmoja, na alipomaliza aliuficha.

Kwa hiyo nani alaumiwe zaidi ya yule mmoja? Jibu rahisi ni kwamba sote tulaumiwe kidogo kidogo. Silipendi. Lawama ikigawanywa kwa watu sita inakuwa kama nyama ya mbuzi mmoja kwenye harusi ya watu mia tano. Kila mtu amekula, hakuna aliyeshiba.

Plato, kwenye kitabu cha pili cha Jamhuri, anamweka Glaukoni asimulie kisa cha mchungaji aliyeokota pete. Akiigeuza upande wa jiwe kuelekea kiganjani, haonekani. Haikuchukua muda akawa amemuua mfalme na kuchukua ufalme. Swali la Glaukoni ni je, kuna mtu ambaye angevaa pete hiyo na bado akatenda haki? Watu wakisimulia kisa hiki humfikiria mwizi. Mimi siku hizi namfikiria fundi. Mtengeneza mihuri amezaliwa na ile pete kidoleni. Kazi yake inaonekana kwenye kila karatasi ya wilaya nzima, na yeye haonekani kwenye hata moja. Mchoraji wa matatu anatia sahihi yake pembeni. Fundi cherehani anashona kibandiko cha jina lake kwenye kola. Umewahi kuona muhuri ulioandikwa umetengenezwa na nani? Ungeharibika. Nguvu yake yote ni kuonekana kama haukutengenezwa na mtu, kama ulikuwepo tu, kama serikali au mlima.

Wakamba walijua hatari ya neno lisilo na mwenyewe. Kabla ya wino walikuwa na kithitu, kiapo ambacho mpaka leo ukikitaja kwenye ugomvi wa shamba watu hushusha sauti, na wapo waliopelekana mahakamani kisha wakakubaliana kesi iishie huko. Nimelelewa kanisani na siwezi kukushauri uende. Lakini tazama jinsi kilivyopangwa. Anayeapa lazima awepo, kwa mwili wake, mbele ya watu wanaomjua. Na inaaminika kwamba akiapa uongo, kifo hakimchukui yeye peke yake, kinafuata na watu wa nyumba yake. Nilipokuwa mdogo niliona hilo ni dhuluma, mtoto ana kosa gani? Sasa naona walikuwa wanasema kitu kuhusu uongo wa hadharani, kwamba haukai kwa aliyeusema. Muhuri umegeuza mpango wote. Anayethibitisha hayupo, na madhara yanawafuata watu wa nyumba za wengine.

Nilimwambia susu. Ilinichukua miezi miwili. Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitumia miaka mingi akiwasikiliza wazee wa vijijini, na kitabu chake cha 1990 kuhusu falsafa ya wahenga kilitetea kwamba fikra nzito haihitaji mtu ajue kusoma. Sikuwa nafanya utafiti. Nilikuwa naogopa tu. Nikamweleza kwa Kikamba, na Kikamba hakikunisaidia kuficha.

Alinyamaza, akaendelea kuchambua pojo. Kisha akauliza, "Wewe ndiye ulimtuma?"

"Hapana, susu."

"Ulikula pesa zetu?"

"Nilikula 1,500 zake. Za kazi."

"Kama ulimuuzia chungu, na akapika sumu, wewe si mpishi," akasema. Nikaanza kupumua. "Lakini mimi sikuona chungu. Mimi sijui kusoma. Yule msichana alinipa karatasi, sikuweza kujua imeandikwa nini. Niliona ule mviringo, nikajua ni ya kweli. Kwa hiyo wewe hukumuuzia chungu. Uliuza kile nilichosoma mimi."

Hakusema kwa hasira. Nadhani hata hakukusudia kunihukumu, alikuwa anapanga jambo kichwani kama anavyopanga pojo, nzuri huku, mbovu kule. Lakini alikuwa ameugusa mfupa. Utetezi wa panga unafanya kazi kwa sababu panga lina kazi yake lenyewe, kukata, na mnunuzi ndiye anayeamua kikatwe nini. Muhuri hauna kazi nyingine isipokuwa kumfanya mtu wa tatu, asiyekuwepo dukani, aache kuuliza. Hicho ndicho nilichokuwa nauza, na nilijua. Yule bwana aliposema uwe na uzito, sote wawili tulijua uzito ule unawekwa kwenye kichwa cha nani. Ujuzi wangu wa duara mbili, wa kusogeza herufi, wa kuzipa hewa, ulikuwa ujuzi wa kumnyamazisha susu. Nilichofanya vibaya hakikuwa kwenye nyota. Sikumuuliza hata swali moja ambalo susu angeuliza kama asingenyamazishwa: kisima kitakuwa shambani kwa nani?

Siku hizi nauliza. Nina daftari. Jina, kitambulisho, kikundi, kazi ya muhuri. Wengine wanaona sawa. Wengine wananiuliza mimi ni polisi wa wapi, wanavuka barabara, au wanaenda zao Nairobi, River Road, ambako utapata muhuri wowote kabla chai haijapoa. Tajiri wangu analalamika, na ana haki. Nami sijaridhika na daftari langu, kwa sababu namjua mtu wa kwanza litakayemzuia. Si yule wa shati lililopigwa pasi. Yeye alikuwa na cheti, alikuwa na majina, angenitajia hata shamba. Litamzuia yule mwenye vumbi miguuni. Kila swali tunaloongeza kwenye mlango, mlaghai anakuja na jibu lake limeshachapishwa, na maskini anarudishwa kwenda kutafuta chifu.

Ndiyo maana yule mama haniachi, kuliko hata susu. Rafiki yangu mmoja, mwanasheria mchanga, ananiambia nilifanya sawa kabisa, kwamba nikighushi kwa huruma leo nitaghushi kwa bei kesho, na kwamba muhuri wa chifu ukianza kupatikana saiba hautamlinda tena hata huyo mama. Namkubalia. Kama kila mwenye shida ya kweli angejigongea muhuri, duara lenyewe lisingekuwa na maana yoyote, na fomu yake ingekuwa karatasi tupu kama zingine. Ningekataa tena. Lakini nakumbuka kilichonifanya nikatae siku ile, na hakikuwa hoja hiyo. Ilikuwa jela. Nilihesabu hatari yangu, nikaiona, nikafunga mlango. Kwa yule bwana nilihesabu hatari yangu, sikuiona, nikafungua. Mara zote mbili niliyempima ni mimi. Ningeweza kumkatalia muhuri na bado nikampigia simu mtu wa pale ofisini nikamuuliza kama naibu wa chifu anaruhusiwa kutia sahihi. Ningeweza kumwandikia barua ya kueleza kwa nini fomu imechelewa. Tulikuwa tunaandika barua kwa shilingi hamsini. Iko kwenye orodha ukutani, chini ya fotokopi. Sikuifikiria kabisa.

Mwezi uliopita walikuja vijana watatu wanataka jezi. Timu ya mpira, wanacheza Jumapili, jina la mchezaji mgongoni lipinde juu ya namba. Kazi rahisi, duara kubwa, unakata kipande cha juu tu. Kijana aliyekuwa na pesa ni fundi wa ujenzi, mikono imejaa saruji iliyokauka. Alipoandika jina lake kwenye karatasi niliona jina la pili, nikamuuliza kwao wapi, akaniambia. Nikauliza alisomea wapi. Akasema alifika kidato cha pili.

Nilipanga herufi zake taratibu kuliko kawaida. Zilipokuwa tayari nikamwambia atalipa nusu.

"Kwa nini?" akauliza.

"Wateja wa zamani tunawapunguzia."

Akaniangalia. "Lakini mimi sijawahi kuja hapa," akasema, na akahesabu zote, noti kwanza, kisha sarafu.